Chumvi Katika Damu ya Swala

Machi 11
Mvua imeanza. Ilinyesha mchana kwa kishindo mpaka maji yakaingia chini ya ngazi za maabara, na yule mwenye duka la dawa za mifugo hapo chini akawa anayatoa kwa ufagio huku akilaumu serikali ya kaunti.

Daktari Kiarie, daktari wa mifugo mwenye maabara, alirudi akiwa amelowa lakini anacheka. Tumepata kazi ya ile ranchi iliyo mbele ya mtaa wetu wa Komarock, ukifuata Kangundo Road. Wenyewe wameuza ardhi ikatwe ploti, na swala pala walioko ndani lazima wahamishwe kabla ua haujang'olewa. Kabla ya kupakiwa kwenye lori, damu yao itapimwa, wakubwa na wadogo: kalisiamu, fosforasi, potasiamu, chumvi zote. Aliye dhaifu haendi. Baada ya miaka ya kupima ng'ombe wa maziwa na mbwa wa walinzi, nimefurahi kama msichana.

Machi 14
Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumshika swala. Wananaswa kwenye wavu polepole, wachomwe dawa ya kutuliza, wafungwe macho kwa kitambaa, halafu mimi nanyoa kipande kidogo shingoni na kutoa damu. Manyoya yao ni mafupi, mekundu kama kutu, na ncha zake zimepauka. Yaling'ang'ania sweta yangu hadi nyumbani.

Anayewatunza ni Muthoki, mama wa makamo aliyezaliwa hapo hapo ranchini. Aliniambia niongee nao kwa sauti ya chini, kwa sababu swala huuawa na hofu kabla hajauawa na kisu. Nilidhani ni msemo tu.

Watoto wako sawa. Fosforasi yao iko juu kuliko ya mama zao, jambo la kawaida kwa mnyama ambaye mifupa bado inakua. Lakini wakubwa walinishtua. Potasiamu iko juu mno na kalisiamu imeshuka. Daktari aliniuliza kama nilizitikisa chupa, au kama niliziacha juani, kwa sababu damu ikiharibika njiani potasiamu hupanda. Nilimwambia hapana. Alisema tutarudia. Hakukasirika, lakini nimekaa jioni nzima nikiwaza wale vijana wanaotafuta kazi kama yangu.

Machi 15
Mvua. Mdogo wangu Shiundu ameleta chapati.

Machi 18
Tumerudia. Safari hii nilienda na barafu, na mashine ya kuzungusha damu tukaiwasha kule kule ranchini kwa jenereta. Majibu ni yale yale. Watoto safi, wakubwa wabaya.

Tukiwa bado hapo, Muthoki akatuita. Majike wawili walikuwa wamelala karibu na kisima, wamekufa, bila jeraha. Mkojo chini yao ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Daktari alichuchumaa akagusa mapaja yao. Kisha akanieleza. Mnyama akikimbizwa kupita nguvu zake, misuli yake inavunjika ndani. Potasiamu iliyokuwa kwenye misuli inamwagika kwenye damu, na moyo hauwezi kuivumilia. Anaweza kusimama, akala majani, akanywa maji, halafu siku kadhaa baadaye akaanguka.

"Sisi hatukuwakimbiza hivyo," nikasema.

"Ndiyo maana," akajibu. "Kuna mtu anawakimbiza kabla yetu."

Na watoto? Mtoto wa swala mama yake akitimua mbio hujilaza kwenye nyasi, hatikisiki. Ndiyo sababu damu yao haijachafuka. Muthoki akasema kuna alfajiri husikia pikipiki upande wa mto. Alikuwa akidhani ni watu wanaochota mchanga.

Niliposikia neno pikipiki nilianza kuhesabu upya chupa nilizokwisha kuzihesabu. Sijui kwa nini. Hapa pikipiki ziko nyingi kuliko watu.

Machi 21
Niseme kweli, najua kwa nini. Ni Shiundu. Mama alipofariki alikuwa darasa la nne, nikamchukua, na mpaka leo analala kwenye kochi langu ingawa sasa ana ndevu. Anaendesha bodaboda ya steji hapo kwa lami. Tangu mwezi uliopita anaondoka giza halijaisha. Anasema anabeba mikate ya bekari. Leo nilipitia bekari nikanunua mkate nusu. Mikate yao inabebwa na gari.

Machi 23, Jumapili
Tulipotoka kanisani Shiundu alileta nyama ya mbuzi ndani ya gazeti. Alisema amepewa na Wachira. Wachira ana bucha kule Dandora, mtu mpole, hachelewi mchango wa mazishi, na vijana wa pikipiki wanamwita mzee ingawa si mzee.

Nyama ilikuwa nyeusi. Ilinata kwenye kisu. Mbuzi aliyechinjwa akiwa ametulia hana nyama ya namna hiyo. Niliipika kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza. Shiundu alikula akashiba akaniuliza mbona sili. Nikasema jino.

Alipolala nilitoka nje kuanika nguo. Pikipiki ilikuwa imeoshwa, inang'aa, lakini chini ya kile chuma cha kubebea mizigo, mahali kamba hufungwa, kulikuwa na manyoya. Mafupi, mekundu, ncha zimepauka.

Nimeyanyoa mwenyewe manyoya hayo. Siwezi kuyafananisha na ya mbuzi.

Machi 24
Sikumwuliza.

Machi 25
Sikumwuliza. Mvua imekata umeme.

Machi 27
Wachira alikuja maabara. Alileta mbwa kuchanjwa, mbwa mwenye afya kabisa. Daktari alikuwa ametoka, kwa hiyo nilimpokea mimi. Alikaa kwenye kiti, akaweka kofia magotini.

Alisema Shiundu hujivuna sana kwa ajili yangu, eti dada yake anasoma damu kama wengine wanavyosoma gazeti. Akauliza swala wanaendeleaje. Nikajibu wanaendelea. Akauliza tumeona nini kwenye damu yao. Nikasema ni mambo ya mwenye kazi, siwezi kuyatoa.

"Vizuri," akasema. "Mtu mwenye kufunga mdomo huishi na watu."

Aliondoka na mbwa wake bila kungoja chanjo. Nilifunga mlango nikakaa sakafuni nyuma ya friji ya sampuli, mtu mzima mimi, mpaka Daktari aliporudi. Nilimwambia kichwa kinaniuma.

Aprili 1
Majike watatu wengine wamekufa. Muthoki amebeba watoto wawili nyumbani kwake, anawapa maziwa ya mbuzi kwa chupa. Mmoja alikuwa akitetemeka miguu. Kalisiamu na sukari zote zilikuwa zimeshuka. Si kwa kukimbia, kwa njaa tu. Daktari alimchoma dawa polepole mshipani huku mimi nikimshikilia. Alilegea mapajani mwangu, nikadhani amekufa. Alikuwa amelala.

Aprili 4, Ijumaa
Daktari alinifungia mlango wa ofisi akaniambia jambo ambalo halipaswi kutoka pale. Askari wa wanyamapori wamepewa habari. Jumanne alfajiri watajificha upande wa mto. Wana bunduki, na wale wa pikipiki wakikimbia hawataulizwa mara mbili.

Nilimwitikia. Nikaosha chupa zilizokuwa safi.

Aprili 5
Mvua kutwa. Shiundu amenunua viatu vipya. Nimemtazama akifunga kamba, nikaona shingo ya yule mtoto wa darasa la nne.

Aprili 6, Jumapili
Nimemwuliza.

Sikumpigia kelele. Nilimwekea chai, nikaweka mezani ile karatasi niliyofungia manyoya, nikakaa mbele yake. Kwanza alicheka. Kisha akasema amembebea mtu ngozi ya ng'ombe. Nikamwambia, "Shiundu, mimi nimeyanyoa haya kwa mkono wangu." Akaikunja karatasi ile tena. Nje watoto wa jirani walikuwa wakiimba nyimbo za Sunday school kwenye ngazi.

Alianza kwa kubeba nyama tu, akasema. Wachira alimwambia ni ya shambani kwake. Alipojua ni nini, akawa tayari ni mmoja wao. Hawatumii bunduki wala mbwa. Wanaingia na pikipiki tatu kukipambazuka, wanamchagua mmoja, wanamfuata kwa zamu mpaka alale mwenyewe. Mwenzake ni Wafula, kijana wa Mama Ayub wa kwaya yetu. Wa tatu hamjui vizuri.

Nikamwuliza kwa nini asiache. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alisema alijaribu kuacha mwanzoni mwa Machi. Wachira hakumtisha hata kidogo. Alimwuliza tu dada yake hutoka kazini saa ngapi, na hupitia njia ya mabomba au ya lami.

Kwa hiyo wiki zote hizi mimi nimekuwa nikiogopa kumpoteza yeye, naye anatoka alfajiri kwa kuniogopea mimi. Sikujua nilie au nimpige kofi.

"Lakini si wengi, siz," akasema. "Waliotutoroka ni wengi kuliko tuliowashika. Wengi wamepona. Kuna aliyevuka mto akatutazama tu, tukampungia mkono."

Nilimweleza. Kwa maneno mepesi, kama Daktari alivyonieleza: misuli, potasiamu, moyo. Kwamba yule aliyevuka mto akasimama ng'ambo akiwatazama, ambaye wao walimcheka na kumpungia mkono, alikuwa ameshakufa. Alibaki kuanguka tu.

"Hata hao?"

"Hata hao. Na watoto wao nyuma yao, kwa njaa."

Aliweka kikombe chini. Hakukigusa tena.

Kisha nikafanya nilichoapa sitafanya. Nilimwambia asiende Jumanne. Sikusema kwa nini, lakini si mjinga, alinitazama akaelewa. Akasema asipoonekana bila sababu, Wachira atajua.

Aprili 7
Amepeleka pikipiki kwa fundi akaifungua injini yote, vipande vimetandazwa kwenye gunia hapo steji, kila mtu ameona. Amempigia Wachira simu kumweleza. Wachira amempa pole.

Aprili 8, Jumanne
Tumeamka wote wawili bila kuamshana. Tulikaa jikoni, taa imezimwa, mvua ikipiga mabati ya jirani. Ranchi iko mbali, hatungesikia kitu, lakini tulisikiliza. Shiundu alivaa vile viatu vipya, akavivua, akavivaa tena.

Kulipokucha nilienda kazini kama siku zote. Njia ya lami.

Saa nne Daktari alipigiwa simu. Wale wa pikipiki walikuja wawili. Mmoja amekamatwa na pikipiki yake. Mwingine alijaribu kuvuka mto, akapigwa risasi ya paja. Ni Wafula. Yuko hai.

Wachira hakuwepo. Wachira hajawahi kuwepo.

Aprili 9
Mama Ayub alipita sokoni amejifunga leso kichwani kama wa msibani. Watu walimpa pole, nami nikampa. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Nilimwokoa wa kwetu, wake nikamwacha aende. Sijui kuna sala gani ya jambo hilo.

Aprili 11
Nimetoka asubuhi nikakuta mfuko umetundikwa kwenye kitasa cha mlango, kwa nje. Ndani kuna kilo moja ya nyama, mbichi, nyeusi. Hakuna barua, hakuna neno.

Jirani anasema aliyeileta ni mtu mwenye adabu sana, alisalimia.

Aprili 12
Tumeweka kochi nyuma ya mlango.

Aprili 14, Jumatatu
Shiundu alikwenda hospitali kumwona Wafula. Kuna askari mlangoni, lakini Mama Ayub alimwombea akaingia. Aliporudi hakuvua hata koti. Alisema Wafula amefungwa pingu kwenye kitanda, mguu umevimba, na hajamtaja mtu. Hajamtaja Wachira kwa hofu. Hajamtaja Shiundu kwa urafiki.

"Ananiuliza pikipiki yangu imepona," akasema. "Ananionea huruma, siz."

Akasema anaenda kuandikisha taarifa. Nilimwambia atafungwa. Nilimwambia Wachira ana watu. Nilimwambia tuhamie kwetu Kakamega kesho, tuache kila kitu. Nilisema mengi, na nilikuwa nasema kwa ajili yangu mwenyewe. Yeye alinisikiliza mpaka nikaishiwa na maneno.

"Nimechoka kukimbizwa," akasema.

Hapo nikavaa viatu, tukaenda pamoja kwa Daktari Kiarie, nyumbani kwake. Nilimweleza yote, na ya kwamba siri aliyonipa Ijumaa ile niliitumia. Daktari alinisikiliza amesimama. Ameniamini miaka mingi, na niliona imani ile ikitoka usoni pake kama mtu anayetoka nyumba.

"Ungeniambia siku ile ile," akasema. "Tungewazuia wote barabarani. Yule kijana asingepigwa risasi."

Alikaa akapiga simu kwa ofisa anayemjua. Mkewe alituletea maji ya kunywa, kisha akaenda kutia komeo mlango wa nje. Kumbe hofu inaambukiza nyumba kwa nyumba.

Aprili 15
Shiundu amelala rumande. Nyumba ina sauti nyingi nisizozijua.

Aprili 18, Ijumaa Kuu
Amepewa dhamana. Mwendesha mashtaka anataka awe shahidi, ingawa kesi yake mwenyewe bado ipo na hakuna aliyemwahidi kitu. Hawezi kurudi Komarock. Shangazi Selpher amempokea Makongeni, kwenye zile nyumba za reli, ambako kila anayepita dirishani anamjua mwenzake na mgeni huulizwa. Nilimpeleka na begi. Shangazi hakuuliza kitu mbele yake. Aliniuliza mimi kando, kama anakula.

Aprili 20
Pasaka. Sikwenda kanisani kwa sababu ya Mama Ayub.

Aprili 24
Wachira amekamatwa. Walipofungua friji ya nyuma ya bucha walikuta miguu ya swala. Watu wa Dandora walijaa barabarani, nusu wakimzomea, nusu wakisema ameonewa, kwani nani alizika maskini wa mtaa ule kama si yeye. Wote wamekula nyama ile. Nami nimeipika.

Mei 2
Daktari ananisemesha kazi tu. Lakini leo aliniachia ufunguo wa ofisi, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ile.

Potasiamu ya wakubwa imeanza kushuka.

Mei 6
Kina mama wa kwaya walikuja kunichukua twende mazoezi, Mama Ayub akiwa mbele yao. Nilimtoa nje nikamwambia. Nilimwambia nilijua kuhusu Jumanne ile. Alinitazama mpaka nikadhani ataanguka. Aliingia ndani akachukua mkoba wake akaondoka peke yake, wale wengine wakabaki wakinitazama.

Mei 13
Leo tumepima kundi zima kwa mara ya mwisho. Mvua imepungua, nyasi zimefika magotini. Kalisiamu ya wakubwa imerudi mahali pake, potasiamu imetulia. Wale watoto wawili wa Muthoki wameanza kula majani. Ni swala watulivu, wanashikika, na nilipowatoa damu niligundua mimi ndiye niliyekuwa napumua kwa haraka.

Mei 15
Malori yameondoka. Hakuna aliyekufa njiani, Daktari amepiga simu kutoka huko walikofika. Muthoki hakulia mpaka lori la mwisho lilipopinda. Wapima ardhi walikuwa wameshaanza kupanda mawe ya mipaka.

Mei 22
Wachira amepewa dhamana. Nimesikia kwa mama mboga, kama mtu anavyosikia bei ya nyanya.

Mei 23
Napita njia ya lami. Mchana kweupe tu.

Mei 27
Nimekutana naye. Nilikuwa nachagua sukuma wiki kwa mama mboga pale karibu na steji. Sauti ikasema nyuma yangu, "Dada Ayuma. Habari ya maabara?"

Amekonda kidogo. Kofia ile ile, upole ule ule. Alisema amesikia Shiundu yuko Makongeni kwa shangazi, akataja na namba ya nyumba. Akasema hewa ya kule ni nzuri.

Niliisikia damu ikipiga masikioni, na najua vizuri kilichomo ndani yake wakati kama huo. Nilitaka kufanya kama wale watoto, nijilaze nisitikisike mpaka apite.

Nilisema kwa sauti, mama mboga asikie, na wale vijana wa bodaboda wasikie, "Wachira, umetaja namba ya nyumba ya shangazi yangu. Kwa nini umeitaja?"

Kijana mmoja alishuka kwenye pikipiki yake akasimama. Mwingine akashuka. Hawakumsogelea, walisimama tu wanatazama. Wachira alivaa kofia akacheka kidogo, akasema mimi ni mtu wa kushtuka bure, akaenda zake kwa mwendo wa kawaida. Mama mboga alinikalisha kwenye kreti. Nikatapika hapo hapo, kando ya vitunguu vyake.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja nikaandikisha taarifa, mama mboga akiwa shahidi wangu.

Juni 1, Jumapili
Shangazi amemhamishia Shiundu kwa jamaa wengine, sitaandika wapi. Alinipigia simu usiku. Amenyoa, amepiga pasi shati. Kesi inasikizwa kesho kutwa, yeye ni wa kwanza kutoa ushahidi, Wafula ataletwa kwa magongo. Aliniuliza kama naogopa. Nikamwambia ndiyo. Akasema naye ndiyo, kisha salio la simu likaisha.

Juni 2
Daktari amenipa ruhusa ya kesho bila kuuliza, akasema atanipeleka mwenyewe. Jioni mlango uligongwa, nikasimama nikiwa na mwiko mkononi. Alikuwa Mama Ayub. Hakuingia. Alisema hajanisamehe na hajui kama ataweza, lakini hataki kukaa peke yake mahakamani, upande mmoja na watu wa Wachira.

Nimemwambia nitafika mapema nishike nafasi mbili. Benchi ya mbele, mahali ambapo Wachira hataweza kutokutuona.